Uliza Fundi: Bomba la mashine ya kufulia na bomba la boila, yakutane wapi?

SWALI: Fundi ugonile. Mimi ni mama wa nyumba, niko Uyole, Mbeya. Kaka yangu alirudi kutoka Uingereza akashusha kontena, humo kulikuwa na mashine ya kufulia na boila la gesi la kutundika ukutani, lile la kupasha maji ya kuoga pamoja na zile redieta za vyumbani, akasema baridi ya Uyole ya mwezi wa sita na wa saba hataki tena kuisikia. Fundi bomba akafunga vyote kwenye stoo nyuma ya jiko. Sasa boila lina kabomba kembamba keupe kwa chini kanakodondosha maji, fundi akakachomeka kwa tii, kile kiungio cha njia tatu, kwenye bomba la maji machafu ya mashine, akasema yote si maji tu na yote yanaenda shimo moja. Tangu hapo mashine ikianza kumwaga maji boila linakoroma, baada ya muda kidogo linazima na kuandika namba, na juzi nimekuta povu la sabuni limetokea kwenye kile kikombe cha chini ya boila. Mama mkwe anasema anasikia harufu ya moshi stoo. Fundi sasa anataka kutoa kabomba ka plastiki aweke ka chuma, eti plastiki ndo imeziba. Tufanyeje?

JIBU: Ugonile dada, poleni na baridi. Kabla sijaenda popote naomba uzime hilo boila, sio kwa swichi tu, funga na gesi kwenye mtungi, fungua dirisha la stoo, na lisiwashwe mpaka liwe limerekebishwa. Povu unaweza kulifuta, namba unaweza kuzifuta, lakini hiyo harufu aliyoisema mama mkwe ndo inayonisumbua, na nitakueleza inatokea wapi mana inatokana na ile tii.

Hayo maji yanayodondoka hayajavuja popote. Gesi ikiungua inatengeneza na mvuke wa maji ndani ya moshi, maboila ya zamani yalikuwa yanautupa mvuke wote nje na joto lake linapotea. La kaka yako linapitisha moshi kwenye sehemu yenye maji yaliyopoa yanayorudi kutoka kwenye redieta, moshi ukishapoa chini ya nyuzi 55 hivi ule mvuke unageuka kuwa maji, joto linabaki ndani ya nyumba na maji yanashuka chini. Uingereza tangu 2005 ukifunga boila jipya la gesi nyumbani sheria inataka liwe la namna hiyo, kwa iyo karibu kila boila la karibuni linalotoka kule litakuja na hako kabomba, wanaoagiza makontena wajue. Asubuhi ya baridi likiwa linafanya kazi kwa nguvu linaweza kutoa lita moja mpaka mbili kwa saa, wakati mwingine zaidi. Na yana uchachu, pH yake, yani kipimo cha uchachu ambacho namba ikishuka chini ya 7 uchachu unazidi, inacheza kati ya 3 na 5, yani uchachu wa juisi ya nyanya hivi.

Sasa kile kikombe cha chini ni trapu. Kazi yake ni kubaki na maji muda wote ili moshi usipate njia ya kushuka pamoja na maji. Boila lina feni inayosukuma moshi kwenda nje kwa lile bomba kubwa la ukutani, lakini moshi hauna akili ya kujua njia ipi ni yake, ukikuta trapu imekauka unashuka nao kwenye kabomba. Na kabomba kenu kameishia wapi? Kwenye tii ya bomba la mashine, ambalo mdomo wake uko wazi hapo hapo stoo. Ndo njia ya harufu ya mama mkwe. Na katika moshi ule kunaweza kuwa na kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayoua, ambayo yenyewe haina harufu wala rangi, kwa iyo hata siku ambayo hamsikii chochote isiwe sababu ya kusema pametulia.

Trapu inakaukaje wakati maji yapo? Hapo ndo tunarudi kwenye mashine. Boila linadondosha, mashine inasukuma. Pampu ya mashine inatoa maji kwa kasi, ndoo nzima inaisha ndani ya kama dakika moja tu, na yanashuka yakiwa yamejaza bomba zima. Yakifika kwenye tii yanafanya mambo mawili. Kama chini kuna uzito kidogo, labda nywele na nyuzi za nguo zimeanza kujikusanya, maji yanatafuta njia iliyo wazi na yanapanda kwenye kabomba ka boila, ndo hilo povu na ndo huko kukoroma, na maji yakijaa ndani ya boila linajizima lenyewe kwa usalama. Kama chini kuko wazi yanapita kwa kasi na kuvuta hewa nyuma yake, na kwa kuwa kabomba kameungwa kimebana bila hewa, yanavuta na maji ya kwenye trapu ya boila. Mashine ikinyamaza trapu ni tupu. Kwa iyo tii moja imekupa matatizo yote mawili, leo inajaza boila, kesho inalikausha.

Kwenye hili fundi wako hajakosea kwamba maji hayo mawili yanaweza kwenda shimo moja, yanaweza kabisa na ni jambo la kawaida huko yanakotoka maboila haya. Kosa ni mahali yanapokutana na namna yanavyokutana. Yasikutane kwenye bomba lililobana, yakutane kwenye hewa.

Mwambie afanye hivi. Bomba la mashine liwe la kusimama, inchi moja na nusu, mdomo wake uwe juu ya sakafu si chini ya sentimita 60, na usipande juu sana kuliko kitabu cha mashine kinavyosema, nyingi zinaishia kama 90 au mita moja. Chini yake aweke pii trapu, ile kona ya bomba inayobaki na maji, yenye kina cha maji cha milimita 75, alafu ndo bomba liende nje kwenye gali trapu, ile trapu ya ardhini nje ya nyumba, au chemba. Hozi ya mashine inaning'inia tu mdomoni mwa bomba, imeingia kama kiganja cha mkono, imefungwa na kamba isiruke. Asiizibe kwa silikoni wala kuizungushia nailoni, ule uwazi pembeni ya hozi ndo unapumua.

Kabomba ka boila kashuke kwa plastiki mpaka juu ya faneli ndogo, alafu kaishie hewani. Yani kati ya mwisho wa kabomba na mdomo wa faneli kuwe na nafasi ya vidole viwili unayoiona kwa macho, tone linaanguka linapita hewani linaingia kwenye faneli. Kutoka kwenye faneli ndo sasa aingie kwenye bomba la mashine, juu ya ile pii trapu. Na hapa kuna kitu mafundi wengi wanakipita: mdomo wa faneli uwe juu kuliko mdomo wa bomba la mashine. Siku bomba likiziba, na litaziba siku moja mana nyuzi za nguo hazina huruma, maji yatafurika kwanza kwenye mdomo wa mashine, utaona sakafu imelowa, utachukua tambara na kumuita fundi, lakini hayatafika kwenye faneli wala kwenye boila. Kama boila limetundikwa chini sana mpaka hiyo nafasi haipatikani, basi lipandishwe au kabomba kapewe njia yake kipekee mpaka gali trapu ya nje. Msilazimishe.

Mteremko wa kabomba uwe sentimita nne na nusu kwa kila mita, ashike pima maji asikadirie kwa jicho. Na hiyo habari ya bomba la chuma aiache kabisa. Maji haya ya uchachu yanakula zinki ya bomba la chuma, na shaba pia inaliwa, baada ya muda kutu inashuka inaziba ndo hapo mtasema kweli limeziba. Plastiki ndo yenyewe, PVC au hata PPR.

Akimaliza, kabla hajalipwa chote, jaza kile kikombe cha boila maji kwa kufuata kitabu chake, alafu mwage ndoo nzima kwa mkupuo kwenye bomba la mashine huku mwingine ameshika kipande cha karatasi ya chooni chini ya mwisho wa kabomba ka boila, pale kwenye nafasi ya hewa. Karatasi isilowe na isivutwe wala kupulizwa. Kama imelowa au imepepea ujue hewa bado haijakaa sawa na mnarudia. Baada ya hapo fungua tena kikombe uangalie, maji yawe bado yamejaa kama ulivyoyaweka.

La mwisho dada, hujaniambia boila limebadilishwa kwa ajili ya gesi ya mtungi au bado. Kule mengi yanatumia gesi ya bomba inayotoka mtaani na yamesetiwa kwa hiyo, gesi yetu ya mitungi ni nyingine, ina nguvu zaidi, ikiunguzwa na setingi ile ya kule inaungua vibaya na inatoa kaboni monoksaidi nyingi. Kwenye umeme hakuna shida, wao ni volti 230 na sisi 230 na hata plagi zinafanana. Lakini gesi lazima fundi wa gesi mwenye cheti na kifaa cha kupima moshi afungue, abadilishe kinachotakiwa na apime. Fundi bomba hata awe mzuri vipi hiyo sio kazi yake. Na nunueni kale ka-alamu ka kaboni monoksaidi, mkaweke humo stoo na kengine kwenye korido ya vyumbani.

SWALI: Kamwene fundi. Nina nyumba ya wageni Makete na boila la gesi la aina hiyo hiyo unalosema. Mwezi wa saba asubuhi nje panakuwa peupe kwa barafu ya umande, boila haliwaki kabisa, wageni wanalalamika maji baridi, ikifika saa nne jua limetoka linawaka lenyewe kana kwamba halikuwa na shida. Mashine ya kufulia iko chumba hicho hicho na yenyewe inamwaga maji bila shida yoyote.

JIBU: Kamwene mzee wangu. Boila lako ni zima. Kabomba kanapita nje ya ukuta, na maji yanashuka tone tone usiku kucha ndani ya bomba la baridi, kila tone linaganda kabla halijafika chini mpaka kunakuwa na kizibo cha barafu, boila linajaa na linajizima. Uingereza ule mwezi wa 12 wa 2010 baridi ilipobana sana maboila mengi mno yalizimika kwa sababu hiyo hiyo, na toka hapo mafundi wa kule wamekuwa wakali sana kuhusu bomba la nje. Huko kwenu karibu na Kitulo, nyanda zinapanda kupita mita 2,600, mwezi wa sita mpaka wa nane barafu ni kitu cha kawaida kwa iyo fuateni masharti yale yale.

Mashine haigandi kwa sababu inatoa maji mengi kwa mkupuo, mara nyingi ya uvuguvugu, kwenye bomba nene, yanafika chemba kabla hayajajua kuna baridi. Kwa iyo kwako mimi nasema unganisha, ila kwa namna niliyomueleza dada wa Uyole hapo juu: kabomba kaishie ndani ya nyumba kwenye faneli, kaingie kwenye bomba la mashine juu ya pii trapu, na kinachotoka ukutani kiwe ni bomba moja la inchi moja na nusu, fupi, lenye mteremko mkali, limevishwa sponji ya kuzuia baridi ile isiyonyonya maji. Kama haiwezekani na kabomba lazima katoke peke yake, basi kutokea ukutani kaongezwe mpaka inchi moja na robo, kawe kafupi kuliko mnavyodhani, bila elibo, yani kona, nyingi, na kavishwe sponji mpaka mwisho.

Kesho asubuhi likigoma, mwagia bomba la nje maji ya uvuguvugu, sio ya kuchemka mana plastiki ya baridi inapasuka, anzia chini kwenye mdomo ukipanda juu kidogo kidogo, likifunguka utasikia maji yanaporomoka, alafu bonyeza kitufe cha kuwashia upya. Usikubali kijana wa zamu akachomoe kabomba chini ya boila aweke ndoo na kuacha hivyo. Najua inafanya kazi, lakini siku akichomoa vibaya atatoka na trapu yenyewe, na kuna wageni wamelala vyumba vya jirani.

SWALI: Fundi habari za kazi. Sisi Iringa, Kihesa, boila hatuna, tuna hita ya umeme ya lita 80 juu ya dari ya bafu. Ina valvu pembeni inadondosha maji ikiwa inapasha. Naweza kushusha bomba lake la PVC nikaliingiza kwenye bomba la mashine ya kufulia na kuligundisha ili pawe pasafi?

JIBU: Salama kabisa. Hapana kaka, na hili ni tofauti na la juu ingawa kwa macho vinafanana. Ile valvu inadondosha kwa sababu maji yakipata moto yanatanuka na lazima yapate pa kutokea, kudondosha kidogo wakati wa kupasha ni kawaida. Lakini siku thermostati ikigoma kuzima, hiyo hiyo valvu inatema maji ya kuchemka na mvuke kwa nguvu, na Iringa kwa urefu wa mlima wenu maji yanachemka kama kwenye nyuzi 95, PVC ya kawaida inaanza kulegea kwenye 60 na kitu. Bomba litalainika, litajikunja, litajiziba, na tenki la lita 80 likikosa pa kupumulia linapasuka, na liko juu ya vichwa vyenu.

Kwa iyo bomba la valvu liwe la shaba au chuma, lishuke moja kwa moja, lisifungwe koki wala kizibo popote, liishie hewani juu ya faneli ya chuma mahali mnapopaona kila siku lakini mtoto hawezi kuungua. Baada ya faneli, bomba la chuma liendelee liende kwenye gali trapu ya nje, usilipitishe kwenye bomba la mashine. Likianza kudondosha mfululizo hata hita ikiwa imezimwa na imepoa, basi presha ya maji ni kubwa au valvu imechakaa, na valvu inabadilishwa, haizibwi. Kuna watu wanaigongea kijiti, tafadhali sana kaka kama kipo kitoe leo.

SWALI: Fundi, niko Mafinga. Hayo maji ya uchachu ya boila hayataua bakteria wa shimo langu la choo? Au niyaelekeze bustanini kwenye kabichi.

JIBU: Shimo halitadhurika dada, kwa siku yanatoka lita chache yanakutana na maji ya sabuni ambayo yenyewe yako upande wa pili wa pH, yanasawazishana njiani. Hiyo nayo ni faida ya kukutana na maji ya mashine. Kabichi usizipe. Na yasielekee kwenye gata ya bati inayojaza simtanki yako, hiyo nimeshaona watu wanaifikiria. Kama bomba la maji taka liko mbali kabisa, chimba kashimo nje nusu mita kutoka ukutani, jaza kokoto za mawe ya chokaa, yale ya kutoka Songwe yanafaa kabisa, kabomba kaishie humo chini ya usawa wa ardhi, chokaa inakula uchachu. Kokoto za kawaida za granite hazisaidii hapo, na kila baada ya muda chokaa inaisha unaongeza nyingine. Ila usimwage kwenye sakafu ya simenti wala karibu na msingi, mana simenti nayo ina chokaa ndani yake na italiwa taratibu.

SWALI: Tukuyu hapa. Mashine yangu inajaa maji alafu yanaondoka yenyewe, inajaa tena, haimalizi kufua. Na mvua ikinyesha maji yanarudi juu kwenye bomba lake.

JIBU: Ni mambo mawili hayo. La kwanza, hozi yako imelala sakafuni au imesukumwa ndani sana mpaka imezama kwenye maji ya trapu, kwa iyo maji yanajivuta yenyewe kushuka. Inyanyue mpaka sentimita 60 na kuendelea, ivute itoke ibaki kama kiganja tu ndani ya mdomo, na kama mtu ameizungushia nailoni itoe.

La pili, Tukuyu mnapata mvua nyingi sana, nahisi aliyejenga ameunganisha maji ya bati kwenye chemba moja na maji machafu, au shimo la kunyonya limejaa udongo. Siku ya jua fungua chemba, mwage ndoo ya maji kwenye gata ya bati, ukiyaona yanapita humo basi tenganisha, ya bati yaende mtaroni au kwenye simtanki. Usipoyaona, ita gari la kunyonya, alafu subiri mvua moja kubwa uangalie kama usawa wa maji kwenye chemba unapanda wakati hakuna mtu anayetumia maji ndani. Ukipanda, shimo jipya, mbali na lile la zamani na upande wa chini wa kiwanja.